Kabla Hujapanda Pikipiki ya Chuo

Vijana wengi wa Tanzania wamejifunza pikipiki kwa njia moja. Jioni, kiwanja cha mpira, pikipiki ya kaka au ya rafiki wa kijiweni, na mwenye pikipiki anakimbia pembeni akipiga kelele: "Achia klachi! Taratibu! Taratibu!" Ikifika nusu saa mwanafunzi ameshaweza kuondoka bila kuzima injini, wenzake wanashangilia, na somo limeishia hapo. Wiki inayofuata yuko barabarani na abiria mgongoni.

Alichofundishwa ni kuondoka. Kusimama kwa dharura, kugeuza mahali pembamba, kukwepa shimo bila kujitupa mbele ya lori, hayo atayajua siku yakimkuta. Kozi ya usalama kwa wanaoanza inakusudiwa kujaza pengo hilo, na pikipiki inayotolewa na chuo ina mchango mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Yafuatayo ni maswali ambayo wanaotaka kujiandikisha huuliza, wengine kwa sauti, wengine wakiona aibu kidogo.

Naendesha tayari. Kozi itaniongezea nini?

Kwanza kabisa, breki. Huko Marekani, Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walifuatilia ajali 900 za pikipiki za Los Angeles kwa kwenda wenyewe mahali pa tukio, na ripoti yao ikatoka mwaka 1981. Walikuta kwamba asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali hizo walikuwa wamejifunza peke yao au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Walikuta pia kwamba tangu hatari inapojitokeza hadi kugongana, kwa kawaida mwendeshaji hakuwa na hata sekunde 2 za kufanya chochote. Na katika muda huo mfupi wengi walifanya kosa lilelile: waliikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu hadi tairi likaburuzika, na ya mbele hawakuitumia vya kutosha.

Tuiweke kwenye barabara zetu. Mwendo wa juu kwenye maeneo ya makazi Tanzania ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo pikipiki inakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukitumia sekunde moja kumwona mtoto anayevuka na kufikisha vidole kwenye breki, mita 14 zimeshakatika na hujabana kitu. Kusimama kwenyewe, lami ikiwa kavu na breki zote mbili zikitumika vizuri, kunahitaji mita nyingine 16 hivi. Jumla mita 30. Anayetumia ya nyuma peke yake ataongeza mita kumi na zaidi, na mita hizo ndizo tofauti kati ya kumtisha mtoto na kumgonga.

Hakuna anayekuwa mahiri wa jambo hili kwa kusimuliwa. Linahitaji kurudiwa mara nyingi, mahali pasipo na magari, kwenye pikipiki ambayo ikianguka hakuna atakayelia. Na kiwanja cha mpira hakifai, kwa sababu rafiki yako hatakuruhusu kukaba breki ya pikipiki yake anayodaiwa hesabu ya bosi jioni hiyo.

Pikipiki wanazotoa ni za namna gani?

Usitegemee kukuta mpya. Pikipiki ya mafunzo kwa kawaida ni ya cc 100 hadi 150, zile zile unazoziona kijiweni, Boxer, TVS au ya Kichina, ila imepita mikononi mwa watu wengi. Tanki lina kibonyeo. Indiketa ya kushoto imefungwa kwa gundi ya plasta, vioo vimeondolewa kwa kipindi cha uwanjani, kiti kimechanika na kushonwa. Wengi wanaiona na kuanza kunung'unika: nimelipa hela zangu halafu napewa skrepa?

Nataka kuitetea skrepa hiyo. Mikwaruzo ya pembeni haina ubaya wowote. Inaonyesha kuwa watu wamejifunza juu yake. Wepesi wake una faida: pikipiki ya aina hii ina kilo mia na ushee, kwa hiyo mtu wa wastani anaweza kuiinua mwenyewe ikilala. Kiti kiko chini vya kutosha miguu yote miwili ifike ardhini, na mwanafunzi anayekanyaga ardhi vizuri hana woga wa kusimama. Injini yake haina pupa. Ukizidisha mafuta kwa bahati mbaya, na siku za mwanzo utazidisha tu, itanguruma na kujivuta, haitakurusha ukutani. Mafundi wengine hupandisha kidogo mlio wa injini pikipiki inapokuwa imesimama, ili isizime kila unapoachia klachi vibaya.

Yenye kukaguliwa ni mengine. Breki zote mbili, ya mbele hasa, zifanye kazi. Klachi isiwe ngumu kama ya trekta. Tairi liwe na kashata. Cheni isiwe imelegea hadi inagonga kifuniko. Stendi ya ubavu irudi juu na ikae. Pembeni mwa injini kuwe na chuma cha kukinga, kwa sababu ndicho kinachozuia mguu usibanwe pikipiki ikilala. Chuo chenye pikipiki chakavu kwa sura lakini nzima kwa mambo hayo ni chuo kizuri. Chenye pikipiki inayong'aa ambayo breki ya mbele haishiki, ondoka.

Lipo jambo moja la pikipiki za huku ambalo lazima uulize kabla hujawasha: gia zinapangwa vipi? Kwenye baadhi, gia zote zinaingia kwa kukanyaga mbele chini, moja hadi nne. Kwenye nyingine, gia ya kwanza iko chini na zinazofuata zinapandishwa juu. Zipo pia ambazo ukiwa gia ya nne umesimama, ukikanyaga tena unarudi frii na kisha ya kwanza. Mtu aliyezoea mpango mmoja akipanda pikipiki ya mpango mwingine anaweza kutaka kupunguza gia akaongeza, au kinyume chake, na kinyume chake ndicho kibaya, kwa maana tairi la nyuma linakabwa na injini ghafla. Mwalimu mzuri atakuambia kabla hujauliza. Ukibadilishiwa pikipiki katikati ya kozi, uliza upya.

Na kama chuo kina pikipiki za umeme, ambazo Kigali na Nairobi zimeshakuwa za kawaida? Ni rahisi kuanzia, hazina klachi wala gia. Lakini nguvu yake inakuja mara moja ukizungusha mkono, na ukimaliza kozi juu yake hujajifunza klachi. Kama unakusudia kuendesha ya petroli, omba ya petroli.

Si afadhali nilete yangu?

Ukiwa nayo, utatamani. Vyuo vingi havipendi, na mimi nipo upande wao. Mtu juu ya pikipiki yake mpya ya mkataba hafanyi zoezi la breki, analilinda tanki. Kila koni anayoipita anawaza rangi. Zaidi ya hapo, mwalimu anaijua tabia ya pikipiki za chuo na hajui ya kwako, na kwenye mambo ya bima, pikipiki ya chuo inatakiwa iwe imekatiwa kwa matumizi ya mafunzo wakati ya kwako sivyo. Jifunze kwa ya chuo. Ukimaliza, rudi siku moja na ya kwako, mwombe mwalimu akuangalie nusu saa. Wengi wao hawakatai.

Nikiiangusha nitalipa?

Uliza kabla ya kutoa pesa, na upate jibu kwenye karatasi. Utaratibu unaoeleweka ni kwamba kuanguka kwa mwendo mdogo ndani ya uwanja wa mafunzo ni sehemu ya kozi: mkono wa klachi ukivunjika au kioo kikipasuka, gharama ni ya chuo. Wanaotoa pikipiki nje ya uwanja bila ruhusa, au waliokuja wamelewa, hao ni habari nyingine. Chuo kinachotoza kila mkwaruzo kinawafundisha watu woga.

Utaangusha, ukiwa wa kawaida. Mara nyingi haitakuwa kwenye mwendo. Itakuwa umesimama, usukani umepinda, umekanyaga kokoto, pikipiki ikaanza kuegemea. Ikishapita kiwango fulani usishindane nayo. Iachie, toa mguu, ruka pembeni. Kuinua nako kuna namna yake: zima injini, weka gia ili isibingirike, ipe mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, halafu sukuma kwa miguu ukitembea kinyumenyume. Wanawake wembamba huinua pikipiki kwa njia hii huku mabaunsa wanaoinama na kuvuta kwa kiuno wakienda nyumbani wanaugulia mgongo.

Siku ya kwanza tunafanya nini?

Siku ya kwanza inawachosha wenye haraka, kwa sababu saa ya mwanzo injini haiwashwi. Utaisukuma pikipiki kwa miguu, ukiwa pembeni yake upande wa kushoto, kulia na kushoto, hadi mwili uzoee uzito. Utapanda na kushuka. Utatafuta kila kitu bila kuangalia: klachi mkono wa kushoto, breki ya mbele mkono wa kulia, gia mguu wa kushoto, breki ya nyuma mguu wa kulia, honi, indiketa, swichi ya kuzima. Utaambiwa ufumbe macho na uguse kinachotajwa. Inaonekana mchezo wa watoto mpaka siku utakapohitaji honi ukawasha taa.

Kisha klachi. Injini inawaka, gia ya kwanza, miguu chini. Unaachia klachi kidogo kidogo mpaka unahisi pikipiki inataka kwenda, kisha unaibana tena. Inajongea hatua moja, inasimama. Tena. Tena. Hakuna mafuta, hakuna kwenda popote. Sehemu hiyo ndogo ambapo klachi inaanza kushika ndiyo itakayokubeba kwenye foleni, kwenye mlima na kwenye tope, na vidole vinahitaji kuijua vizuri.

Yanayofuata ni koni. Mwanafunzi anazipita kwa kupinda kulia na kushoto kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, na hapo ndipo macho yanapomponza. Ukiiangalia koni utaigonga. Pikipiki inafuata uso wako. Unaweza kumwona mama wa makamo, helmeti imemkaa, midomo ameibana, amezipita koni tatu vizuri, ya nne akaitupia jicho. Tairi la mbele likaenda moja kwa moja mpaka juu yake.

"Mama, uliangalia nini?" mwalimu anauliza.

"Koni, mwalimu."

"Basi ndiko ulikokwenda. Rudi mwanzo. Nitasimama kule mwisho, uniangalie mimi usoni. Koni niachie mimi."

Anarudi, anamtazama mwalimu, anapita zote. Nimeona sura za watu wanapotoka mwisho wa mstari huo kwa mara ya kwanza, hawaamini. Siri nyingine ya mwendo mdogo ni kutoachia klachi yote: mafuta kidogo yasiyobadilika, klachi nusu, na mguu wa kulia ukigusa breki ya nyuma kwa mbali. Pikipiki inatulia. Anayejaribu kupita polepole kwa kufungua na kufunga mafuta atayumba mpaka achoke.

Siku zinazofuata mwendo unaongezeka na mambo yanageuka. Ukishapita mwendo wa baiskeli, pikipiki haigeuzwi kwa kuzungusha usukani kama gari. Ukitaka kwenda kulia, sukuma mpini wa kulia mbele. Itainama kulia na kwenda kulia. Kila aliyewahi kuendesha hulifanya hili bila kujua, lakini anayelijua anaweza kulifanya kwa nguvu na kwa haraka pale bajaji inapofunga breki mbele yake bila taarifa. Utafundishwa pia kwamba kukwepa na kufunga breki ni kazi mbili: fanya moja, maliza, kisha nyingine. Tairi lina mshiko wa kiasi chake. Ukiudai wote kwa kona na wote kwa breki, halina cha kukupa.

Breki ya mbele si ndiyo inayopindua watu?

Hakuna swali linalobishaniwa uwanjani kama hili. Zipo pikipiki vijiweni ambazo waya wa breki ya mbele umelegezwa makusudi, kwa imani kwamba breki hiyo ni mtego. Imani ina chanzo. Mtu akiikaba ghafla kwenye mchanga, au usukani ukiwa umepinda, tairi la mbele linaacha kuzunguka, linateleza, na yuko chini kabla hajasema "mama". Aliyeliona tukio hilo halisahau, na analisimulia.

Hasimulii upande wa pili. Unapopunguza mwendo, uzito mwingi unakimbilia mbele: shokapu za mbele zinashuka, tairi la mbele linakandamizwa, la nyuma linabaki jepesi. Kwa hiyo la mbele ndilo lenye mshiko, na kwenye lami kavu linaweza kufanya theluthi mbili ya kazi ya kukusimamisha au zaidi. Kuiacha ni kuchagua breki dhaifu.

Kinachofundishwa ni kubana kwa hatua. Pikipiki imenyooka. Unarudisha mafuta, unaanza kubana mbele kwa vidole viwili au vitatu, unasubiri kitambo kidogo sana mpaka uhisi shokapu zinashuka, ndipo unaongeza nguvu. Mguu wa kulia unakanyaga ya nyuma pamoja nayo, kwa upole. Klachi ndani, gia kushuka hadi ya kwanza, mguu wa kushoto unatangulia chini huku wa kulia umebaki kwenye breki. Tairi la mbele likianza kuburuzika, achia mara moja na ubane upya. La nyuma likiburuzika ukiwa umenyooka, usiingiwe na hofu sana. Punguza nguvu taratibu huku ukiangalia mbele.

Kwenye vumbi, changarawe au lami iliyoloweshwa na mvua ya kwanza baada ya kiangazi, ambapo mafuta yaliyomwagika huelea juu, hatua zile zile zinatumika kwa ulaini zaidi, na mapema zaidi. Chuo kinachofanya zoezi la breki mara tatu na kuendelea na mengine kimekupunja. Dai zaidi.

Nivae nini?

Vyuo vingi hutoa helmeti pamoja na pikipiki. Ivae na uifunge mkanda. Helmeti isiyofungwa hutangulia kuruka. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2008 yaliyofanywa na Cochrane, mtandao wa wataalamu unaochambua ushahidi wa afya, yalionyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69 kwa waliopata ajali. Ikukae hadi mashavu yabanwe kidogo, na ukitikisa kichwa isibaki nyuma. Kama unaona kinyaa kuvaa iliyovaliwa na wengine, na ni haki yako, beba kitambaa chepesi cha pamba cha kufunga kichwani ndani yake. Mtandio mwembamba unafaa. Wenye pini, hapana, pini zitakuchoma.

Viatu vifunike kifundo cha mguu. Si ndala, si katambuga. Suruali ngumu, shati la mikono mirefu, glavu hata zile za kazi za ujenzi: kiganja ndicho kinachotangulia chini. Baibui, kanga au gauni refu vinaweza kuingia kwenye cheni au tairi la nyuma. Wanaovaa baibui huvaa suruali pana chini na kanzu fupi ya magotini, na wanaendesha vizuri kabisa.

Sijui hata baiskeli. Na kama mimi ni mfupi? Au ni mtu mzima?

Baiskeli inasaidia, kwa sababu mwili umeshajifunza kujisawazisha. Asiyeijua aazime ya mtoto wa jirani wiki moja kabla. Ufupi una dawa: omba pikipiki yenye kiti cha chini, na jua kwamba ukisimama kwa mguu mmoja uliokanyaga imara inatosha. Kuhusu umri, watu wazima huchelewa kidogo klachini na huwashinda vijana kwenye kila kinachohitaji kusikiliza.

Cheti cha chuo ndiyo leseni?

Hapana. Tanzania unaanza na leseni ya kujifunzia kutoka Mamlaka ya Mapato, unasoma, unajaribiwa na askari wa usalama barabarani, ndipo unapewa leseni ya daraja ulilofuzu. Daraja A ni la pikipiki zinazozidi cc 125, A1 ni la zisizozidi hapo, A2 ni la magurudumu matatu au manne, na A3 ni la vipikipiki vya cc 50 kushuka. Liangalie hili kabla ya kujiandikisha: Boxer ya 150 inahitaji A, na mwenye A1 akiiendesha yuko nje ya leseni yake hata kama anaijua kama kiganja cha mkono. Kenya mpangilio ni mwingine: A1 ni vipikipiki vidogo, A2 pikipiki nyepesi, na A3 ni ya wanaobeba abiria au mizigo kwa malipo pamoja na magurudumu matatu. Majina yanafanana, maana hazifanani.

Ada hubadilika, kwa hiyo zipate ofisini kwenyewe. Vishoka watakuambia wana leseni bila darasa wala mtihani. Karatasi hiyo haitabana breki.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Uingereza, tangu Desemba 1990, anayeanza haruhusiwi kuingia barabarani peke yake kabla ya kupita mafunzo ya lazima: uwanjani kwanza, kisha angalau saa 2 barabarani, mwalimu mmoja akiwa na wanafunzi wasiozidi wawili na akiongea nao kwa redio. Cheti chake kinaisha baada ya miaka 2. Marekani kozi inayojulikana zaidi ni ile ya Motorcycle Safety Foundation, taasisi iliyoanzishwa 1973. Wanafunzi hupewa pikipiki ndogo za mafunzo, na katika majimbo mengi anayefaulu hasumbuliwi tena na mtihani wa kuendesha.

Nitakijuaje chuo kizuri?

Nenda siku ambayo wengine wanafundishwa, usimame pembeni saa nzima. Hesabu wanafunzi kwa kila pikipiki. Kama kumi wanangoja moja, umelipia kukaa kivulini. Angalia kama mwalimu anatazama wanafunzi au simu. Angalia kama yeye mwenyewe anavaa helmeti anapoonyesha zoezi. Uliza utaendesha saa ngapi mwenyewe, na kama kuna siku ya barabarani yenye mwalimu nyuma yako. VETA, yaani vyuo vya serikali vya ufundi stadi, na baadhi ya vyuo binafsi wana ratiba ya maandishi. Ukiambiwa "utaona tu ukija", kuna uwezekano ratiba haipo.

Je, kozi itanikinga na ajali?

Hapa niseme wazi, kwa kuwa matangazo ya vyuo hayasemi. Cochrane hao hao mwaka 2010 walipitia tafiti 23 kuhusu mafunzo ya pikipiki, na ushahidi haukutosha kusema ni mafunzo gani hasa yanayopunguza ajali; tafiti nyingi zilikuwa dhaifu. Kozi si hirizi. Wapo wanaotoka nayo vichwa vikubwa wakaanza kukimbia kuliko walivyokuwa wakikimbia kabla. Inakupa ujuzi wa mikono na jicho la kutambua hatari. Pombe, haraka ya hesabu na daladala inayokata mbele yako viko palepale. Bado naona ni bora kukutana na mambo hayo ukiwa unajua kusimama.

Nikimaliza, naweza kubeba abiria?

Kwa sheria, ukiwa na leseni na masharti yake. Kwa ushauri, ngoja. Abiria wa kilo 70 ni zaidi ya nusu ya uzito wa pikipiki yenyewe, na anakaa juu na nyuma: usukani unakuwa mwepesi, kusimama kunachukua mita nyingi zaidi, na kila tuta linamrusha. Endesha peke yako wiki kadhaa, kila asubuhi ukikagua tairi, breki, cheni na taa, ukihakikisha stendi ya ubavu imepanda. Ongeza upepo wa tairi la nyuma kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki kwa ajili ya watu wawili. Abiria wa kwanza awe mtu anayejua pikipiki. Mvalishe helmeti, mwambie ashike chuma cha nyuma au kiuno chako, miguu ibaki kwenye vikanyagio hata mkisimama, na asijinyooshe upande wa pili mkiingia kwenye kona. Mpeleke mtaa wa nyuma usio na magari, na zoezi la kwanza mnalofanya wote wawili liwe la breki.